Mgongo wa Papa Alphonse

Mtihani wangu wa mwisho wa udaktari niliufanya kwa foni, na anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nacheka mpaka leo. Foni ninayosema si simu ya mfukoni. Ni ile redio ya parokia, yenye betri ya gari na waya mrefu uliofungwa juu ya mkaratusi. Ukitaka kusema unabonyeza, ukimaliza unasema "nakupatia", kisha unaachia kidole ili mwenzako ajibu. Na kila mwenye foni kama hiyo, kutoka Katana mpaka huku kwetu, anasikia kila neno.

Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya huku kwetu. Sisi wanafunzi wa mwaka wa mwisho tulikuwa tumetawanywa vilimani, na aliyetutawanya ni Profesa Zagabe, mzee mfupi mwenye kelele, Mungu amlinde. "Mukijifunza hapa chini ku umeme, mutabakia hapa chini ku umeme," alituambia. "Na kule juu nani atatunza batu?" Basi huyu akatupwa huku, yule kule. Mimi Jeanine, mtoto wa Kasha, mtaa wa Bukavu, ambaye sikuwahi kulima hata mstari mmoja wa maharage, nikaangukia Cibanda, kilima kilicho nyuma ya Nyantende, kwenye kituo cha afya ambacho hakikuwahi kuwa na dokta. Nilimkuta muuguzi mkuu, Ezéchiel, vitanda vichache, na mbuzi wa padri waliokuwa wanaingia bila hodi.

Kila Ijumaa mchana profesa alifanya ziara ya wagonjwa kwa foni. Yeye yuko Bukavu, sisi kila mtu kilimani kwake. Unaeleza mgonjwa wako, naye anakutwanga maswali mbele ya ulimwengu mzima. "Usinipatie habari ya mashine! Mashine iko wapi? Mikono yako inasema nini?" Ukikosea anacheka, na kicheko kile kinafika mpaka Katana. Watu wa Cibanda walizoea kuja kukaa chini ya dirisha la foni, mahindi ya kuchoma mkononi, kusikiliza. Hata wenye bunduki walisikiliza, wa pande zote. Nina hakika kuna kanali fulani porini anayejua dalili za homa ya matumbo kuliko wanafunzi wa mwaka wa pili.

Sheria ilikuwa moja: usitaje jina la mgonjwa. Sheria nzuri, lakini kilimani haisaidii kitu. Mwenzangu Élie, kwenye kilima chake, siku moja alieleza "mwanaume wa makamo, mwalimu wa dini, mwenye bawasiri." Bila jina! Jumapili iliyofuata, yule katekista alipokaa polepole kwenye benchi, kanisa zima likaangua kicheko. Hakurudi tena kwa Élie kutafuta dawa, na kanisani hakuonekana kwa muda mrefu. Profesa alipopata habari hiyo hakucheka. Alinyamaza kwenye foni mpaka tukadhani betri imekufa.

Sasa, mtihani. Kwa kawaida tungeshuka wote Bukavu, kila mmoja apewe mgonjwa asiyemjua, ampime, kisha aeleze mbele ya juri, yaani maprofesa wanaotoa alama. Lakini mwezi ule barabara yetu ikafungwa. Kulikuwa na mapigano chini ya Nyantende, na hata wamama waliozoea kupita na mihogo yao kwa njia za shambani walikuwa wanarudi mbio. Asiyefanya mtihani angengojea mwaka ujao. Mwaka ujao! Wakati wa vita, mwaka ujao ni kitu gani? Nani amekiona? Mama yangu, kule Kasha, alikuwa amekwisha kushonesha vikwembe vya sherehe, yeye na shangazi zangu wote, kitambaa kimoja. Na huku Cibanda wazee wa kituo walikuwa wameniambia wazi: ukipata mtihani huo, unabaki kwetu, uwe dokta wetu wa kwanza. Nililia siku waliponiambia, na mimi silii ovyo.

Profesa Zagabe ndiye aliyetoa wazo la foni. Aliyekataa ni Profesa Venant, mkubwa wa juri, mtu mkavu anayevaa kravati hata kwenye mazishi ya jirani. "Mutihani haiko matangazo ya vifo!" alisema, tena kwenye foni, sote tukisikia. Walibishana Ijumaa nzima. Mwishowe Venant akakubali kwa masharti. Ezéchiel atamchagua mgonjwa, mtu ambaye mimi sijawahi kumpima. Nitampima, nitakuja kwenye foni, nitasema ana nini na nitamtibu vipi. Hapo hapo juri itanihukumu. "Na kama hakuna utambuzi wa ugonjwa, ni ziro," akamalizia. "Nakupatia."

Niliruka juu kwa furaha mpaka nikamkanyaga mbuzi.

Siku ilipofika, uwanja wa parokia ulijaa kama siku ya Pasaka. Nikaingia katika chumba cha kupimia, koti langu jeupe limepigwa pasi ya makaa. Mlango ukafunguka. Akaingia Papa Alphonse, kiongozi wa kwaya, mwanaume mwenye kifua kipana na sauti ya kutikisa madirisha, akimwegemea mkewe Maman Virginie na kukohoa kwa huzuni kubwa.

"Karibu papa. Unaumwa nini?"

"Inanichoma hapa, docteur, upande wa kuume, nikivuta pumzi nguvu." Akakohoa. "Ilianza gafula na kutetemeka. Na makohozi iko na rangi ya kutu."

Nikasimamisha kalamu. Rangi ya kutu? Mgonjwa gani wa kilimani anakuletea makohozi yenye rangi ya kutu kabla hujamuuliza? Hayo ni maneno ya darasani. Hayo ni maneno yangu mimi, niliyoyasema kwenye foni nilipoeleza homa ya mapafu!

Nikapima joto: hana. Nikamwambia avue shati, nikachukua stetoskopu. Ulikuwa msimu wa mvua, na Cibanda kuna baridi inayoingia hata kwenye chuma. Nikamgusa upande wa kuume.

"Aka! Baridi hiyo, docteur!" Akaruka.

Nikasikiliza upande wa kushoto. Akaruka. Juu, akaruka. Kifua kilikuwa kizima kabisa, upepo unaingia na kutoka kwa raha zake. Nikarudia nyuma yote, huyu mtu mzima akijinyonganyonga na kulalamika karibu kila nilipomgusa. Hana homa ya mapafu. Hana hata mafua.

"Papa Alphonse," nikasema, na hapo hasira ilikuwa imekwisha kunipanda, "munanichezea?"

Akamtazama mkewe. Maman Virginie akatazama dari. Kisha akapasuka: "Docteur, tusamehe! Tulikaa kikao nyuma ya misa. Tulisema, kama Ezéchiel anamupatia mugonjwa mugumu, mutoto wetu ataanguka, na wale ba Bukavu batamupeleka fasi ingine. Njo tukachagua Alphonse juu anajua kukohoa vizuri. Tulitaka upate!"

"Na Ezéchiel alikubali?"

"Ezéchiel njo alileta wazo."

Yesu wangu! Sikujua nimpige mtu kofi au nimkumbatie. Kilima kizima kimekaa kikao, kimemfundisha mwanaume mzima kuugua, ili mimi nisiwaache. Na wameniharibia kila kitu! Nitamwambia nini Venant? Kwamba mgonjwa wangu anaugua upendo wa jirani? Nikaanza kutembea mle chumbani nikisema peke yangu, nikimlaani Ezéchiel na ukoo wake. Papa Alphonse alikuwa ameinama, anatafuta mkono wa shati lake, mgongo wake umenigeukia.

Nikasimama. Kuna mahali ambapo hakuruka.

Nilikuwa nimemgusa mgongo wote na chuma baridi, naye amelalamika kila mahali, isipokuwa mahali pamoja. Chini ya bega la kushoto. Pale alikuwa ametulia, anangojea tu.

"Papa, usivae kwanza. Simama hapa ku dirisha."

Kwenye mwanga nikaliona. Doa pana kama kiganja, rangi yake imefifia kidogo tu kuliko ngozi nyingine, kavu, halina jasho. Nikachukua kipande cha pamba. "Funga macho. Kila fasi nakugusa, sema ndiyo."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Ndiyo."

Nikaiweka pamba katikati ya doa. Akanyamaza. Nikagusa tena. Kimya. Nikabonyeza kwa ncha ya kalamu. "Docteur, tunaendelea?" akauliza. Maman Virginie akasogea karibu kutazama.

Nitasema ukweli: damu ilinipanda kichwani kwa furaha. Mikono yangu imeona! Bila mashine, bila maabara, kwa mtu aliyekuja kudanganya! Na dakika hiyohiyo nikaona haya kwa kufurahia, kwa sababu niliyemwona ni Papa Alphonse, anayeniletea maziwa, na nilichokiona kina jina ambalo watu wanalikimbia. Nikapapasa mishipa ya fahamu ya viwiko vyake na ya nyuma ya magoti. Haijavimba. Tumewahi. Nikawaketisha wote wawili.

"Papa, kifua chako ni kizima. Lakini mgongoni una ugonjwa. Ni ukoma."

Maman Virginie akajishika kichwa.

"Sikilizeni mpaka mwisho," nikasema. "Unapona. Kabisa! Dawa zipo, zinatolewa bure, utakunywa miezi sita. Vidole vyako vitabaki, pua yako itabaki. Huwezi kumwambukiza mtu kwa kumpa mkono. Ungekawia miaka, ndiyo ingekuwa habari nyingine."

Papa Alphonse alikuwa anatazama mikono yake, mbele na nyuma. "Na kuimba?"

"Utaimba mpaka utuchoshe."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza lile ambalo mimi, kwa furaha yangu, sikuwa nimelifikiria hata kidogo. "Na sasa unaenda kusema mu foni?"

Nje tulisikia watu wanacheka na kupiga soga. Wote walijua mgonjwa ni nani. Hata padri alijua. Na Kifaransa kisingemficha, kwani kwa Ijumaa zile zote kilima kilikuwa kimejifunza Kifaransa chote cha magonjwa, na neno hilo walilijua hata kabla yangu, kutoka Injili.

"Sitasema," nikamjibu. Lilitoka lenyewe. Ndipo nikaelewa nimesema nini.

Ezéchiel akagonga mlango. Muda umekwisha. Nilipompita nilimkazia macho mpaka akajificha nyuma ya kabati la dawa.

Nikaketi mbele ya foni. Taa ndogo ya betri ilikuwa hafifu, mvua ya siku nyingi imezuia sola ya kuichaji. Dirishani vichwa vimebanana. Nikabonyeza, nikaeleza: mwanaume wa makamo, amekuja na malalamiko ya kifua, nimempima hivi na hivi. "Kifua ni kizima. Hana homa ya mapafu. Nakupatia."

Uwanjani wakaguna, "Eeeeh!" Wamejiona wamekwisha.

"Basi ana nini?" Sauti ya Profesa Venant ilikuja kavu ileile. "Nakupatia."

"Nimempata na ugonjwa mwingine, profesa. Kwa mikono. Nina uhakika, na tiba naijua. Lakini siwezi kuutaja kwenye foni. Nakupatia."

Kelele za mawimbi tu. Kisha: "Mademoiselle, unajua sharti. Bila utambuzi ni ziro. Nakupatia."

"Kuna watu wanaosikiliza. Barabara ikifunguka nitashuka kwa miguu, nitakwambia sikioni. Nakupatia."

"Barabara ikifunguka, mitihani itakuwa imefungwa. Ninakuuliza mara ya mwisho. Ana nini? Nakupatia."

Profesa Zagabe, yule mzee wa kelele, hakutoa hata pumzi. Nilimngojea. Nilisema moyoni, sema kitu, mzee, wewe uliyenitupa huku! Nikafikiri vikwembe vya mama. Nikafikiri miaka yote ile ya kusomea mshumaa. Neno moja tu, na nilikuwa nalo kwenye ulimi. Machozi yalinitoka, ya hasira, nikayafuta kwa mkono wa koti.

"Basi andika ziro, profesa," nikasema. "Nakupatia."

Kabla hajajibu, mkono mkubwa ukaitoa mikrofoni mkononi mwangu. Papa Alphonse. Alikuwa bado hana shati. Nikamshika mkono, "Papa, hapana, usifanye hivyo," naye akanisogeza taratibu kama unavyomsogeza mtoto karibu na sufuria ya moto. Akabonyeza.

"Allo, Bukavu! Munanisikia? Ni miye mugonjwa. Naitwa Alphonse, wa kwaya." Hakuhitaji foni, sauti ile ilifika uwanja wote. "Nilikuja hapa kudanganya. Kikohozi haiko yangu, balinifundisha. Huyu mutoto alikamata uongo yangu, halafu akaona mu mugongo wangu kitu bibi yangu hakuona. Niko na ukoma. Nasema tena, ukoma. Anasema miezi sita, na nitapona, na nitaimba. Anakatala kuisema juu ya haya yangu. Sasa nimeisema miye. Haya yangu ni yangu, mutihani yake mumupatie huyu mutoto. Na... nakupatia."

Foni ikakoroma. "Mademoiselle Jeanine," Venant akaanza, "juri ina..."

Taa ikazimika. Betri imekufa.

Nilipiga lile sanduku kwa ngumi, nalisema bila haya. Nililipiga mara mbili. Halikutoa hata mlio. Nikageuka dirishani, na hapo nikasahau mtihani, kwa sababu uwanja ulikuwa kimya na watu waliokuwa mlangoni walikuwa wamerudi nyuma. Papa Alphonse alikuwa amesimama kizingitini na mbele yake nafasi tupu. Watu wale wale aliowaimbia harusi na matanga.

Maman Virginie akatoka ndani. Akaenda nyuma ya mumewe, akaweka kiganja chake pale pale, chini ya bega la kushoto, juu ya doa, akakiacha hapo, akiwatazama watu wote mmoja mmoja.

Aliyevunja kimya ni Maman Euphrasie, mjane wa karibu na chemchemi. "Docteur," akaita kutoka nyuma, "na miye niko na fasi moja ku mukono haisikie kitu. Hata moto. Nilizania ni uzee. Utaniangalia?"

"Njoo maman! Njoo sasa hivi!"

Akaja, akipenya katikati ya watu. Nyuma yake akaja mwingine. Kisha mwanaume akavua shati hapo hapo uwanjani, akasema bibi yake amtazame kwanza. Nawaambieni, baada ya muda mfupi kulikuwa na mstari kutoka mlango wa kituo mpaka mkaratusi wa foni, migongo wazi, watu wanatetemeka kwa baridi na kuchekana vitambi. Nilivunja pamba vipande vipande. "Funga macho, sema ndiyo." Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Ezéchiel alikuwa pembeni yangu anaandika, bila kuthubutu kunitazama usoni. Wengi walikuwa na upele tu, au hawana kitu, wamekuja kwa udaku. Maman Euphrasie alikuwa nao kweli. Nilimkumbatia, maskini hakuelewa kwa nini dokta anafurahi hivyo, mpaka nilipomweleza kwamba tumeuwahi. Nilikuwa natoka jasho. Sijawahi kuwa na siku kama ile.

Jioni ilikaribia mwenye mashine ya kusaga alipotoa betri yake mwenyewe na kuifunga kwenye foni. Mara tu taa ilipowaka, sauti ya Sista Agnès, mwenye foni ya Katana, ikatoka kwa kupiga kelele.

"Cibanda! Cibanda! Tangu muchana tunakuita! Profesa Venant iko bado hapo Bukavu ku foni, amekatala kwenda kula. Amesema mutoto amepata! Na Profesa Zagabe amesema alinyamaza juu alikuwa anaogopa, akisema neno, utataja ugonjwa. Sasa juri inauliza docteur wa Cibanda hajibu kwa sababu gani. Nakupatia!"

Uwanja ukalipuka. Papa Alphonse akaanzisha wimbo bila hata kutafuta sauti, wamama wakapiga vigelegele, mbuzi wakakimbia. Ezéchiel akaja mbio na mikrofoni, waya wote umenyooka, akaninyooshea kupitia dirishani. Mimi nilikuwa na pamba mkononi, na mbele yangu bibi kizee amefunga macho, anangojea nimguse.

"Mwambie juri inisubiri," nikasema. "Niko na wagonjwa. Nakupatia."